Mahindi Juu ya Mafiga

Juzi huko Mbuji mama mmoja alilikataa jiko banifu tulilompelekea, tukiwa bado tumesimama mlangoni. Mwenzangu wa kazi akaninong'oneza kwamba watu wa huku wagumu. Mimi nilikuwa nimeinua macho. Juu ya mafiga yalining'inia mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi, na ghafla nikawa mtoto tena jikoni kwa bibi, kule kijijini Litembo.

Wewe uliyekulia milimani unalijua jiko lile: nje baridi ya Juni, ndani maharage yanatokota, na sisi wajukuu tunagombania nafasi karibu na moto. Kazi yangu ilikuwa kupuliza. Bibi alisonga ugali huku machozi yakimtiririka, akitutania kwamba anaulilia ugali wake maana tutaumaliza sasa hivi. Tulicheka, lakini macho yake yalikuwa yanaharibika kweli, na mimi niliogopa sana kwamba atapofuka.

Kwa hiyo alipokuja muuza majiko nilifurahi mno. Alilisifu jiko lake: halina moshi, halili kuni. Bibi alimsikiliza kwa heshima, akampa kikombe cha togwa, kisha akakataa. Nililia. Yule bwana akaondoka akisikitikia ushamba wetu.

Bibi akanyoosha mwiko juu, kwenye mahindi yake ya mbegu. "Sasa moshi ukiondoka, mjukuu wangu, fukusi wanaotoboa mbegu nitawafukuza na nini? Mwakani tutapanda nini?"

Yule bwana hakuwa ameuliza.

Mwaka uliofuata mwalimu wetu alileta mifuko isiyopitisha hewa, ya kuhifadhia nafaka. Bibi hakubisha, wala hakukubali. Nusu ya mbegu aliitia kwenye mfuko mmoja, nusu akaiacha kwenye moshi, akangoja. Mvua zilipoanza alipanda mbegu zote, kila nusu upande wake, na kila asubuhi tulikwenda kutazama. Zikachipua sawasawa. Wiki hiyohiyo akanituma kwa mwalimu: yule wa majiko aambiwe arudi.

Siku nilipoolewa, bibi aliniona vizuri kabisa, hata akaikosoa shela yangu.

Sasa hayupo, na ile harufu ya moshi kwenye khanga zake haipo tena. Naikumbuka, sitasema uongo, ingawa ndiyo iliyokuwa ikimuumiza.

Basi pale Mbuji nikaliweka jiko chini, pembeni.

"Mama, mbegu hizi zikitoka hapo juu, utaziweka wapi?"

Akanitazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na vigoda viwili.

"Karibuni mkae," akasema.