Nilivyomwandika Mama wa Namtumbo

Kiingereza ni lugha yangu ya tatu. Nyumbani kwetu Mpitimbi tulisema Kingoni, Kiswahili nilikipatia shuleni, na Kiingereza nilikiokoteza sekondari kwa kukariri. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusomea uandishi wa habari kwa njia ya mtandao, nikiwa tayari natangaza kipindi cha wakulima katika redio ndogo hapa Songea, nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Walimu walikuwa ng'ambo na kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza.

Kazi zangu za mwanzo zilirudi zimejaa rangi nyekundu. Mwalimu wangu, mzee mpole, aliandika kwamba habari zangu ni nzuri ila maneno yangu hayana nguvu. Tangu siku hiyo nikawa natafuta maneno mazito kwenye kamusi.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuandika habari ya mtu mmoja. Mwalimu wa sekondari niliyefahamiana naye mjini alinipeleka kwa shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake, mkulima wa tumbaku upande wa Namtumbo. Mama huyo alikuwa amefiwa na binti yake wa miaka minne mwaka uliotangulia. Alinieleza taratibu, mikono ikichambua mboga za maboga. Mtoto alilazwa na homa kali. Siku ya tatu akaonekana kupata nafuu, na nyumbani tumbaku ilikuwa bani, banda la kukaushia kwa moto. Moto ukizimika, msimu wote umekwenda.

"Nikamwacha kwa dada yangu pale wodini, nikarudi kuangalia moto," alisema. "Kesho yake asubuhi nikiwa njiani kumfuata, wakanipigia simu."

Niliyaandika kwenye daftari kama alivyoyasema. Shida ilianza nilipokaa kuyageuza kwa Kiingereza. Kamusi ilinipa maneno kadhaa ya "kuacha". La kwanza lilikuwa fupi, hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Nikalipita. Nikachukua refu lililokuwa chini yake, kwa sababu lilionekana la kiandishi. Mwalimu wangu aliipigia mstari sentensi ile na kusema ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Habari ikawekwa kwenye tovuti ya mafunzo. Mimi mwenyewe, kwa kujisifu, nikamtumia yule mwalimu wa sekondari.

Naye alifurahi. Jumapili baada ya misa akaenda kwao, akawakusanya ndugu, akaanza kuwasomea kwenye simu huku akitafsiri. Alikuwa katikati ya sentensi alipoona kinachokuja, na ameshachelewa kunyamaza. Jioni alinipigia.

"Umeandika kwamba shemeji alimtelekeza mtoto," aliniambia. "Mama yangu amesikia."

Nilifungua tena kamusi, nikasoma maelezo ya lile neno mpaka mwisho, jambo ambalo sikulifanya mara ya kwanza. Niliwaandikia walimu usiku uleule. Kufikia kesho yake mchana neno lilikuwa limebadilishwa, pamoja na maelezo mafupi ya kuomba radhi, kwa Kiingereza, ambacho kwao Namtumbo hakuna aliyekisoma isipokuwa yule mwalimu wa sekondari.

Nilipanda basi kwenda Namtumbo. Yule mama aliitikia shikamoo yangu, akanipa kigoda. Nilimwomba msamaha na kumweleza kuhusu kamusi, maneno yakinikwama hata kwa Kiswahili. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama lile daftari ninalo.

"Nisomee kama nilivyosema mimi," alisema.

Nikamsomea. Nilipofika pale pa simu aliinama.

"Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu," akasema. "Sasa nenda kamsomee na mama mkwe."

Mama mkwe, mama yake yule mwalimu wa sekondari, alikuwa nyumba ya pili, ameketi kibarazani. Nilimsomea ukurasa mzima. Nilipomaliza alisema kwamba yeye tangu mwanzo aliuliza kwa nini moto wa bani haukuangaliwa na mtu mwingine, na kwamba mimi nimeandika tu kile ambacho watu walikuwa wanakisema chinichini. Nilimwambia hapana, nilikosea neno. Akanitakia safari njema.

Tumbaku ilipokwisha kuuzwa, yule mama alifungasha vitu vyake akarudi kwa kaka zake. Sikuambiwa na mtu kwamba ni kwa ajili ya neno langu. Wala hakuna aliyeniambia kwamba siyo.

Cheti cha mafunzo kilikuja. Siku hizi, kabla ya kurusha au kuandika chochote, huwa namsomea mtu maneno yake kwanza, na wenzangu redioni hulalamika kwamba nachelewesha kazi. Yule mama huwa nampigia simu mara mojamoja. Huniuliza hali ya mama yangu, nami humuuliza habari za mahindi. Jina la mtoto hatulitaji.