Anayebana pumzi kupima ahadi za mataifa

Saa kumi na mbili asubuhi, mama mmoja amesimama kilimani, chupa ya kioo mkononi. Anavuta pumzi, anaibana, kisha anafungua koki ya chupa ili hewa iingie. Anahesabu hadi thelathini. Anafunga, anarudi nyuma hatua kumi, ndipo anahema.

“Pumzi yangu ikiingia humu, kazi imeharibika!” anasema huku akicheka.

Majirani wanamwita Mama Chupa. Kila wiki, kwa miaka tisa, amejaza chupa mbili na kuzipeleka maabara, wapime hewa ukaa inayotoka mjini, kule bondeni. Mataifa yalitia saini mkataba wa kuipunguza, lakini kila taifa hujiandikia ripoti lenyewe. Chupa zake ndizo zinazoonyesha kama ripoti hizo zina ukweli.

Mwaka huu nusura kazi yote hiyo itupwe. Vipimo vyake vilionyesha kuwa hewa ukaa ya mji imepungua kwa asilimia kumi na moja. Wataalamu wakatilia shaka, wakasema huenda mjazaji ni mzembe.

“Nilikosa raha kabisa. Mume wangu akaniambia, ‘Mke wangu, hewa ni hewa tu, si utajaza nyingine?’ Nilimnunia siku mbili!”

Maabara wakaomba daftari lake. Kati ya mamia ya chupa, moja ilikuwa na kipimo cha juu kupita zote, na hakuna aliyemwambia ni ipi. Wakafungua ukurasa wa siku ile. Alikuwa ameandika: “Nimepiga chafya.”

Jumatatu simu ikalia akiwa anafua. Alikuwa mkuu wa maabara.

“Mama, mtu anayeandika mpaka chafya yake hatuwezi kumtilia shaka. Tumevikubali vipimo vyote!”

Akapiga vigelegele, mikono imejaa povu, hadi mumewe akatoka mbio akidhani nyumba inaungua.

Furaha hiyo imemzidishia kiherehere. Kiwanda kikubwa cha mjini kilifungwa mwaka juzi, kwa hiyo bado haijulikani kama sifa ya hewa ukaa kupungua ni ya mkataba au ya kufuli la kiwanda. Mwezi ujao kinafunguliwa, na wenye kiwanda wanadai wameweka matanuri mapya yanayotoa hewa ukaa kidogo, kama mkataba unavyotaka. Yeye ameshaomba chupa za kujaza kila siku.

“Yaani siwezi kungoja! Namba zikibaki chini, mkataba umefanya kazi, nitacheza hapahapa kilimani. Zikipanda nitalia, lakini nitaziandika vilevile zilivyopanda.”