Picha za Macho Mawili za Bibi

Sisi tuliokulia Oud Metha, mtaa wa Dubai, zama zile ambazo kazi ya simu ilikuwa kupiga na kupokea tu, picha kwetu lilikuwa jambo la kutawadhia. Jioni tulirudi kutoka kuruka kamba kule maegeshoni, jasho linatutiririka, mchanga umejaa viatuni, na kabla hata ya kuitikia salamu Mama alitukagua vidole. "Anayenuka chipsi asisogee mezani kwangu!"

Mama alikaa mapokezi kwenye zahanati moja. Jirani aliyekuwa akihama alimuuzia kamera kongwe yenye lenzi mbili, inayopiga picha mbili kwa mpigo, moja ya kila jicho. Ukizipachika kwenye fremu moja na kuzichungulia kwenye kitazamio chake, watu wanasimama mbele yako kama wako hai. Ila dukani walisafisha filamu tu, wakaturudishia utepe mzima usiokatwa. Kukata na kupachika ni juu yako, na vifaa vyake viliuzwa bei ya kutoa macho.

Mwaka ule Bibi, mzaa Mama, alikuja kututembelea kutoka Unguja. Miguu ilishamchosha, akasema safari za ndege ndiyo basi tena. Mama akataka Bibi aondoke na sisi sote, japo kwa picha. Akatupiga picha roshani pamoja na Bibi, akamaliza filamu yake ya mwisho.

Basi meza ya Mama ikageuka kiwanda, dada yangu Zuhura na mimi tukaingia kazini. Juu ya kasha la CD Mama alichora mistari kwa sindano, ili picha zote mbili zikae sawa. Moja ikipanda kidogo tu, mtazamaji anaumwa kichwa. Rula yangu ya shule ikagundishwa ukingoni kuzuia fremu isiteleze. Kibano cha nyusi kikashika filamu, taa ya kusomea ikamulika kwa chini. Fremu zenyewe tulizikata kwenye boksi la viatu vya Baba vya Idi, naye akazunguka nyumba nzima akiuliza viatu vyake vimehamia wapi.

Bibi akachungulia. "Picha nzuri, mwanangu. Lakini mbona ukuta umetutangulia, na pua ya Zuhura imeingia ndani?"

Mama alikuwa ameweka ya kulia kushoto! Tulicheka hadi tukakaa chini. Yeye hakucheka. Gundi ilishaanza kukauka, na filamu ikichanika hakuna nyingine.

"Wewe una vidole vyembamba," akaniambia. "Polepole. Bismillahi."

Nikabandua huku nimebana pumzi. Zikatoka nzima. Tukazibadilisha.

Bibi akachungulia tena. Mkono wake ukanyooka taratibu, ukawa unatengeneza hewani mtandio wa Zuhura uliokaa upande. "Jisitiri vizuri, mtoto wewe."

Mama akasema anakwenda kuchemsha chai. Alirudi na macho mekundu, chai hakuna.

Bibi aliporudi Unguja, tuliambiwa, kila mgeni alikabidhiwa kitazamio kabla ya kahawa: "Wajukuu zangu wamo humu."

Leo Mama ndiye bibi. Wanangu, wasiokula chipsi kabla ya kuzipiga picha, humtumia sura zao kwa simu hata hajamaliza kunawa uso, naye huwajibu kwa kidole gumba. Ni picha safi, za rangi kali, nami nazifurahia. Ila sijamwona bado akinyoosha mkono.