Pakiti ya Kijani Juu ya Seva

Pei-chun alitunza seva za kiwanda cha baiskeli mjini Taichung. Alizifunga mbili pacha, ili moja ikizimika nyingine ishike zamu, na watu waendelee kufungua mafaili yao ya pamoja bila kujua lolote. Jumanne moja ikazimika kweli. Pacha yake ikashika, na kule uhasibu hakuna aliyeinua hata kichwa.

Bosi Hsu aliposikia alishuka chumba cha seva, akampita Pei-chun kama mlango, akaipapasa pakiti ya kijani ya vitafunio iliyowekwa juu ya mashine kwa desturi ya huko, kwa kuwa jina lake maana yake ni "mtiifu", ili zitulie.

"Ahsante, mwanangu mtiifu. Umetuokoa."

"Na mimi je, bosi?"

"Wewe si ndiye uliyeinunua? Unajua kuchagua."

Wivu ukampanda. Yeye ndiye anayekonda, sifa zinakwenda kwa vitafunio. Hsu alipotoka tu, Pei-chun aliinyakua pakiti aipasue, aitafune yote. Ndipo akaona tarehe: muda wake unakwisha wiki hii.

Akashtuka, maana husemwa kwamba pakiti ikipita muda wake, mashine nazo hugoma. Akakimbia dukani, akanunua mpya, akaiweka palepale, akaikodolea macho kama mke mwenza.

"Usiniaibishe," akaiambia, akaiinamishia kichwa.