Waya za Meno Yangu na Sweta la Elia

Jamani, hii aibu hata dada yangu Aikande akiitaja mimi nahama chumba, lakini leo acha niiseme. Meno yangu mawili ya juu yaliota yakabadilishana nafasi, chonge likakaa kwa gego na gego kwa chonge, na ukubwani (mwalimu mzima wa darasa la nne!) nikaenda Moshi mjini kufungwa waya ili kila moja lirudi kwake. Daktari akanionya, "Mwalimu, vitu vigumu viache kabisa."

Basi ikafika harusi ya binamu yangu kule Old Moshi, na Elia akaja. Elia anaongoza wageni mlimani, nilimpenda tangu tukiimba kwaya pamoja, sikuwahi kumwambia, na kesho yake alikuwa anahamia Arusha, kwa hiyo nilijiapiza kwamba leo nasema. Ila sikutaka aone waya, nikawa nacheka nimefumba mdomo kama mwenye jipu, na mbuzi wa ndafu, yule anayechomwa mzima, alipokatwa Elia akanichagulia kipande mwenyewe, akasema, "Kula basi, au siku hizi unaringa?"

Si ningesema tu nimekatazwa! Nikala. Kumbe kuna mfupa, nikasikia ka!, waya ukachomoka ukanichoma shavu, ncha ikatokeza nje ya mdomo, machozi yakanitoka, naye akadhani nalia kwa sababu anaondoka (na kweli, kidogo), akanikumbatia, waya ukanasa kwenye sweta lake la sufu.

Mshereheshaji akadaka kipaza sauti: "Ndugu zangu, tazameni pale, harusi nyingine hiyo!" Vigelegele ukumbi mzima, na mimi siwezi kuinua kichwa, nasikia moyo wake unavyodunda, na Mungu anisamehe, nilitamani mkasi usipatikane.

Ukapatikana. Aliyekuja nao ni mama yake Elia.

"Shikamoo mama," nikasema humo humo ndani ya sweta.

"Marahaba, mwanangu. Tulia nikate."

Nilipoachiwa, Elia akanitazama mdomoni. "Kumbe unayarekebisha? Mimi nilikuwa nayapenda yalivyo."

Hapo ndipo pa kusema, jamani! Mimi nikatoka mbio hadi migombani, nikajificha mpaka magari yote yakaondoka.

Meno yamekaa sawa sasa, watu wanayasifu. Elia yuko Arusha na mke wake. Nami nimeapa, nikimpenda mtu tena, nitaachama mbele yake siku ile ile, aone kila kilichomo, nimwambie, ndipo nile.