Raba za Breki za Bwana Rangi

Zamani fundi akimaliza gari alikaa kwanza kando yako, mkazunguka mtaa mzima, ndipo akakuaga. Siku hizi unarushiwa ufunguo juu ya geti, na ukifika kwako salama ni bahati yako.

Namwandika rafiki yangu, ambaye mtaani kwetu kila mtu alimwita Bwana Rangi. Alikuwa mchoraji wa mabango. Duka la dawa, kinyozi, muuza magodoro, wote waliandikiwa majina yao kwa mkono wake, herufi zimesimama wima bila rula. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, yale yanayopauka kabla mwaka haujaisha, na watu wakamsahau huku bado wanapita chini ya maandishi yake. Alibaki na mkewe, makopo yake na gari dogo alilolipaka mwenyewe rangi ya kijani kwa brashi. Ukilisogelea unaona michirizi ya brashi kama nyuzi. Gari hilo sasa liko nyuma ya kituo cha polisi, limekunjamana. Mimi hupita njia nyingine.

Jumamosi ilikuwa siku ya mizunguko yetu. Alipiga honi nje ya dirisha langu, nikatoka na kikapu. Tulipeleka mtungi wa gesi, tukachukua viatu kwa fundi viatu, tukapitia dawa za presha za mkewe, na popote gari lilipozima tuliinua boneti tukaanza kubishana.

"Ni waya," nasema.

"Kwako wewe kila kitu ni waya. Hata mvua isiponyesha utasema waya."

Tukikaza hiki, tukikwangua kile, likiwaka tunacheka kama watoto waliotoroka shule. Likikataa kabisa, tulilisukuma hadi kwa fundi wa kona, mtu mkali aliyetukana kwanza na kutengeneza baadaye. Lakini hakukuachia gari lako mpaka azunguke nawe, kichwa ameinamisha, anasikiliza magurudumu.

Fundi wa kona alikufa, na banda lake likawa duka la kuuza makava ya simu. Ikabaki gereji ya barabara kuu, yenye geti la chuma, ambako mwenye gari haruhusiwi kuingia. Bwana Rangi alikwenda mara moja tu.

"Wameniweka kwenye benchi kama mgonjwa," alinilalamikia. "Gari langu nalisikia linagongwa nyundo huko ndani, mimi niko nje nimeshika kofia. Sirudi tena."

Kuanzia hapo akajitengenezea mwenyewe.

Mwaka huo pedali ya breki ilianza kuzama. Alinunua raba mpya, zile ndogo za duara zinazokaa ndani ya mtambo wa breki na kuyasukuma mafuta yake. Nilimkuta uani kwake Ijumaa jioni, ameziloweka katika kopo la mafuta ya taa, pamoja na brashi zake.

"Unafanya nini, bwana?"

"Nazisafisha. Kitu kichafu hakishiki."

Maisha yake yote alisafisha kila kitu kwa mafuta ya taa: brashi, vidole, meza, hata miwani.

"Fundi wa kona alitukataza," nikamwambia. "Raba ya breki haiguswi na mafuta mengine. Itavimba."

"Fundi wa kona yuko wapi?"

"Amekufa."

"Basi mwache apumzike." Akazitoa, akazipangusa kwa shati, akaanza kuzifunga.

Asubuhi alikuja kwangu anapiga honi kama mwenye harusi. Binti yao alikuwa amejifungua hospitali ya mji wa bondeni, na kwenda huko ni mteremko mtupu, kona juu ya kona.

"Ingia ukanyage!" akasema. "Babu mzima nimezaliwa upya, na breki nazo zimezaliwa upya."

Nilikanyaga. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Yeye alicheka; mimi ndipo nilipoingiwa na hofu. Nikashuka, nikagusa gurudumu la mbele. Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa kumaliza sigara, lakini chuma kilikuwa cha moto kama birika.

"Raba zimevimba," nikasema. "Zinabana breki, haziachii. Mteremkoni zitashika moto, mafuta yachemke, na hapo utakanyaga hewa."

"Huyu! Amesoma magazeti ya kufungia sabuni mpaka amejiona injinia."

"Gusa mwenyewe."

"Ni jua hilo."

Jua lilikuwa halijavuka ukuta.

"Basi tuzunguke mtaa kwanza, mara moja tu, kama zamani. Nikae kando yako nisikilize."

"Ukae wapi?" Nyuma kulikuwa na godoro, beseni, chupa ya chai na mablanketi, mbele amekaa mkewe.

"Shemeji," mkewe akaniambia taratibu, "saa ya kuona wagonjwa inapita. Mwanangu yuko peke yake kule, na kichanga hakijaonwa na mtu wa kwao."

"Pandeni basi la abiria, shemeji yangu."

"Na godoro nalo lipande basi?"

Nikauchomoa ufunguo, nikaufumbata. Zamani wazee wawili wakigombania ufunguo barabarani, majirani wangetoka wote, wangeamua, gari lingelala. Asubuhi ile mapazia yalisogea kidogo, yakarudi. Bwana Rangi aliacha kucheka. Mkewe akanyoosha mkono, kiganja wazi, macho yamejaa maji. "Nipe, shemeji. Nimwone mwanangu."

Nikampa.

Waliondoka polepole. Walipolipita duka la dawa na kufika pale barabara inapoanza kuinama, gari lilipunguza mwendo, na Bwana Rangi akatoa mkono dirishani, kidole gumba juu, kunionyesha jinsi breki zake zinavyoshika. Taa nyekundu za nyuma hazikuwaka. Alikuwa hajakanyaga kitu. Nilipiga kelele, nikakimbia kwa miguu hii yangu, na mkewe akageuka, akadhani naaga, akanipungia mkono mpaka kona ikawafunika.