Siku ya mahari yangu, tonton atakaa kwenye kiti cha Papa

Admin, ukiiweka hii, jina langu libaki kwako. Nina miaka thelathini na tatu, nafanya kazi ofisini hapa Bukavu, na mwezi ujao familia ya mchumba wangu inaleta ng'ombe wa mahari. Papa alikufa wakati wa vita, kwa hiyo atakayewapokea ni tonton, kaka yake. Ndivyo desturi yetu ilivyo, na Mama amekubali.

Papa na tonton walikuwa hawasalimiani. Waligombania kiwanja cha babu pale Nyalukemba hadi ukajengwa ukuta katikati, sisi nyumba ya mbao, wao ya matofali, tena wana televisheni. Sisi watoto hatukukatazwa. Nilikuwa naenda kwao kuangalia katuni ya ndugu wawili waliogawana kila kitu, hadi sufuria. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, wala hatukuona kwamba tunawacheka wazee wetu. Siku moja iliishia pale wanapoikata kwa msumeno meza ya mama yao. Sehemu ya pili ingekuja wiki ijayo.

Wiki iliyofuata, saa ileile ya katuni, risasi zikaanza kulia mtaani. Mbao hazizuii risasi. Papa akameza kiburi chake, akatukimbiza hadi kwenye geti la tonton, akagonga sana. "Mukubwa, ni miye. Utufungulie, niko na batoto." Hakuna aliyefungua. Papa alipigwa risasi palepale getini.

Kwenye kilio tonton alisema walikuwa wamekimbilia Kavumu tangu asubuhi. Alilia kuliko sisi. Baada ya hapo ndiye aliyenisomesha mpaka chuo kikuu, siwezi kukana.

Jumapili iliyopita binti yake alikuja kunisaidia kuchagua vitenge vya sherehe. Tukakumbuka ile katuni, nikamwambia mimi mwisho wake sikuuona.

"Weye haukuonaka?" akasema. "Ile meza baliigongomeaka misumari, bakakula pamoja. Ilikuwa siku ya masasi. Papa yangu aliongezaka sauti ya televisheni ili tusisikie kitu."

Akaendelea kukunja vitenge. Siku ile ya risasi alikuwa mdogo sana, hajui alichoniambia. Kumbe walikuwa ndani.

Tangu hapo sina hasira, sina hata chozi. Naenda kazini, narudi, nakula ninachowekewa. Mama sijamwambia, maana yeye alishamshukuru Mungu kwa ajili ya tonton. Jana tonton alinipigia simu. "Siku ya mahari, miye njo papa yako," akasema. Nikajibu, "Ndiyo, tonton," nikasikia sauti yangu iko sawa kabisa.

Ninyi mlio na wazee, nishaurini. Nimwache apokee ng'ombe, au nimuulize kwanza? Ninalotaka kujua ni moja tu: ile sauti aliiongeza kabla Papa hajaita, au baada ya kumsikia?